Raskazone: Udongo Nao Una Tumbo

Ukitoka katikati ya mji wa Tanga na kushika barabara ya hospitali kuelekea mashariki, bahari itakaa mkono wako wa kushoto karibu njia nzima. Utaipita Bombo, hospitali ya mkoa ambayo mwanzo wake ni enzi za Wajerumani. Utaipita Hoteli ya Mkonge, ambayo jina lake peke yake linakukumbusha mji huu ulijengwa kwa fedha za zao gani. Utapita klabu za kuogelea na za mashua, na nyumba za kale zenye baraza pana chini ya miti mikubwa, hadi pale nchi kavu inapochongoka na kuingia majini. Hapo ndipo Raskazone.

Wapenda historia wanapajua kwa vita. Novemba 1914 Waingereza, wakiwa na askari wengi waliotoka India, walishuka katika pwani hii wakitaka kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Walirudishwa kwenye meli zao baada ya siku chache, na nyuki nao walishiriki, kwa maana mizinga iliyosumbuliwa na risasi iliwatoa nje wakawauma askari vibaya. Utasikia habari za nyuki hao zikisimuliwa kwa furaha kuliko habari za majenerali.

Lakini, mpenzi msomaji, leo sitaki kukupeleka Raskazone kwa ajili ya nyuki. Nataka tuangalie viumbe wadogo mno kuliko nyuki, ambao wanafanya kazi chini ya nyayo zetu usiku na mchana bila mshahara, na ambao sisi akina mama tunawapa kazi nyingi kila siku bila kujua. Kila ukimwaga beseni la maji machafu nyuma ya jiko, kila mafuta ya taa yakimwagika uani, kila bomba la kupulizia dawa likioshwa pembeni mwa shamba, wao ndio wanaoachiwa mzigo.

Hivi karibuni tulikwenda huko na akina mama wa kikundi chetu, kama watu kumi na wawili, na vikapu vyetu vya mihogo ya kuchemsha na chupa za chai. Ilikuwa siku ya maji kupwa. Tulipokuwa tunatafuta kivuli, mama mmoja aliosha sufuria iliyokuwa na mafuta ya kukaangia, akayamwaga mchangani na kusema kwa mzaha, "Ardhi haishibi. Inameza kila kitu." Wote tulicheka. Mwenzetu mwingine, ambaye kwao ni upande wa pili wa ghuba, hakucheka. Akauliza, "Na lile bomba la mafuta ghafi likija kupasuka, ardhi itameza na hayo pia? Na chaza wetu je?"

Swali hilo lilitukalisha mpaka jua likaanza kushuka. Nami nimeona niliandike kwa marefu zaidi, maana sisi wenye watoto na visima tunahitaji jibu lake.

Kushikwa si kuliwa

Tuanze na kile mama yule alichokiita kumeza. Kitu kinachopotea machoni baada ya kumwagwa chini kimepatwa na moja ya mambo matatu: ama kimeshikwa na udongo, ama kimeliwa na vijidudu, ama kimepita tu kikaenda kwenye maji. Machoni petu yote matatu yanafanana. Kwa afya ya mtoto wako, tofauti ni kubwa mno.

Kushikwa ni jambo ambalo sisi wauguzi tunalijua kutoka wodini. Mgonjwa akiletwa akiwa amekunywa aina fulani za sumu, hupewa mkaa wa dawa, ule unga mweusi. Mkaa huo hauiui sumu. Unaikamata, sumu inanata juu ya vishimo vyake visivyohesabika, kisha inatoka na choo bila kuingia mwilini. Udongo wenye mboji nyingi hufanya kazi inayofanana na hiyo. Mafuta na dawa nyingi za wadudu hazipendi maji. Zikikuta mabaki ya majani na mizizi iliyooza huyashikilia, kama vile masizi ya sufuria yanavyong'ang'ania mikono yenye mafuta. Udongo wa mfinyanzi nao hushika, kwa sababu umeundwa na vibamba vyembamba ajabu vilivyopangana. Mchanga mtupu hushika kidogo sana. Na jiwe la matumbawe lenye mashimo, ambalo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya pwani yetu, linaweza kupitisha maji kama chujio lililotoboka.

(Hapa niseme kidogo nje ya mada, kwa kuwa nimetaja sumu. Mtoto akinywa mafuta ya taa, ambayo mara nyingi huwa yamewekwa kwenye chupa ya soda, mkaa hausaidii. Usimtapishe, wala usimpe maziwa kwa nia ya kumtapisha. Mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mkimbize hospitali.)

Sasa kuliwa. Katika gramu moja ya udongo mzuri wa shamba, yaani kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, kuna bakteria mamia ya mamilioni, pengine hata kufikia bilioni moja. Wengi wao hawana ubaya wowote kwetu. Kazi yao ni kula. Jani likianguka, mnyama akifa, kinyesi kikifukiwa, wao huvunja vipande vikubwa kuwa vidogo, na vidogo kuwa vidogo zaidi, hadi kubaki maji, hewa ya ukaa na chumvichumvi ambazo mmea unaweza kuzinyonya tena.

Mafuta ya petroli nayo asili yake ni viumbe waliokufa zamani sana, wakafukiwa chini ya matope ya bahari. Kwa hiyo si ajabu kwamba wapo bakteria wanaoyala. Namna wanavyoyala inafurahisha. Kipande cha mafuta ni kama mkufu mrefu wa kaboni. Bakteria hubandika oksijeni kwenye ncha ya mkufu, kisha huukata pingili mbili mbili, mbili mbili, mpaka unakwisha. Mwili wako, mama, ukila mafuta ya nazi hufanya ukataji wa namna hiyohiyo. Tena baadhi ya bakteria hawa hutengeneza sabuni yao wenyewe, ili mafuta yavunjike kuwa matone madogo wayafikie. Sisi twaosha vyombo kwa maarifa hayo tukidhani ni yetu.

Tope la bibi

Tulipokuwa tunazungumza, alipita bibi mmoja na ndoo yake, akitoka kuokota chaza kwenye mikoko upande wa ghuba. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, hamjambo?" Tulimwomba atuchimbie tope kidogo kwa kijiti chake. Alituangalia kama watu waliopotea, lakini akachimba.

Juu tope lilikuwa la kahawia. Chini ya kina cha vidole viwili hivi likawa jeusi tititi, na likanuka yai bovu. Bibi akasema hivyo ndivyo lilivyo siku zote, na kwamba chaza wa juu ya mizizi ndiye mzuri.

Weusi huo na harufu hiyo ndiyo sehemu ya pili ya jibu. Bakteria walioko juu wanapata hewa ya oksijeni, kwa hiyo wanafanya kazi haraka. Wa chini hawana. Tope la mikoko ni laini na limejaa maji, hewa haipiti, na oksijeni ndogo iliyopo inamalizwa na wale wa juu. Ndiyo maana mti wa mchu huchomoza vipumulio vyake juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa: mizizi yake nayo inatafuta pumzi. Wako bakteria wanaoweza kuishi bila oksijeni, wakitumia chumvi nyingine za bahari badala yake, na hao ndio wanaotoa harufu ya yai bovu. Hao nao wanaweza kuvunja mafuta, lakini kwa mwendo wa kobe.

Hivyo mafuta yakimwagika kwenye mchanga wa wazi unaopigwa na mawimbi yana mlaji. Yakizama katika tope la mikoko, yanaweza kukaa miaka na miaka. Tena yakiziba vile vipumulio, mti wenyewe hufa. Majirani zetu wa Mombasa waliliona hilo mwaka 1988, mafuta yalipomwagika kwenye mkondo wa Makupa na mikoko ikakauka. Si mbali, ni bahari ileile na mikoko ya aina zilezile.

Ng'ambo ya pili

Ukisimama Raskazone ukatazama ng'ambo ya ghuba kuelekea kaskazini, ndiko iliko rasi ya Chongoleani. Tarehe 5 Agosti 2017 marais John Magufuli wa Tanzania na Yoweri Museveni wa Uganda waliweka huko jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifikiwa Februari 2022. Urefu wake ni kilometa 1,443 kutoka eneo la Hoima nchini Uganda, na kati ya hizo kilometa 1,147 ziko katika ardhi ya Tanzania. Mwisho wake ni matangi ya Chongoleani na gati la kupakia meli.

Mafuta ya Uganda yana tabia moja ambayo mama wa pwani ataielewa mara moja. Yana nta nyingi. Mnajua jinsi mafuta ya nazi yanavyoganda ndani ya chupa asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, hata uyaweke juani ndipo yamiminike. Mafuta ghafi ya Uganda huganda hata katika joto letu la kawaida, na ndiyo sababu bomba lake limebuniwa kuwa na moto wa kiasi cha nyuzi 50 muda wote.

Je, hiyo ni heri au shari? Ni vyote viwili. Nta ni mikufu iliyonyooka, na mikufu iliyonyooka ndiyo ambayo bakteria huikata kwa urahisi kuliko ile iliyojikunja pete kwa pete kama minyororo. Lakini nta ikiganda huwa donge, na mlaji wa donge hula kwa nje tu. Donge la sukari haliyeyuki haraka kama sukari iliyosagwa. Aidha upepo una sehemu yake. Wakati wa kaskazi, kitu kinachoelea upande ule kinaweza kusukumwa huku kwetu. Wakati wa kusi mambo hugeuka. Na katikati ya hayo yote iko Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa mara kwa mara katika miaka ya 2000.

Sisemi haya ili kumtisha mtu. Bomba lina ajira zake na wengi wetu tuna vijana waliopata kibarua. Nasema kwa sababu yule mwenzetu aliyeuliza habari za chaza alistahili jibu la kweli, na jibu la kweli ni kwamba bahari yetu ina walaji wa mafuta tayari, wala hawahitaji kuletwa kutoka nje, ila wana mipaka. Dunia ilijifunza hivyo kwa gharama. Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka huko Alaska, Marekani, ikamwaga kiasi cha lita milioni 40. Wataalamu walinyunyiza mbolea kwenye fukwe. Mbolea, si dawa! Kwa nini? Kwa sababu bakteria aliyezungukwa na mafuta ana kaboni tele lakini hana naitrojeni wala fosforasi ya kujengea mwili. Ni kama mtoto anayeshindiliwa uji mtupu wa muhogo: tumbo limejaa, lakini mtoto hakui, miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi. Sisi tunaujua ugonjwa huo kwa jina lake, na dawa yake ni maharage, dagaa, maziwa na mayai. Mbolea ndiyo iliyokuwa dagaa wa bakteria wa Alaska, na walikula kwa bidii zaidi. Hata hivyo zaidi ya miaka kumi baadaye mafuta yalikuwa bado yapo chini ya mawe mahali ambapo hewa haikufika.

Mkonge na mlafi

Wapo watakaodhani basi bakteria wakiwa wengi ndiyo neema. Mkoa wetu unaweza kuwafundisha vinginevyo.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche aliyoiagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyonusurika safari, na katika hiyo yakaja mashamba yote haya. Sasa, katika jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Asilimia zote zilizobaki ni rojo na maji, na kwa miaka mingi rojo hilo lilitiririshwa tu kwenye vijito na mito. Halina sumu ya ajabu, ni majani yaliyosagwa. Lakini bakteria wa mtoni wakipata karamu kama hiyo huzaana kupita kiasi, wanavuta oksijeni yote iliyomo majini, na samaki wanakosa pumzi. Wanaokaa karibu na korona wanaijua harufu ya maji ya namna hiyo. Samaki hao hawafi kwa kulishwa sumu, wanakufa kwa jirani mlafi.

Hale, wilayani Korogwe, waliligeuza jambo hilo kuwa faida. Katika mwaka 2007 kampuni ya Katani ilijenga huko mtambo wa kuyafungia mabaki ya mkonge ndani ya matangi yasiyo na hewa, bakteria wayavunje humo, na gesi wanayoitoa izalishe umeme. Ulitajwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani kwa mabaki ya mkonge. Bakteria ni walewale wa tope la bibi, jamaa wa bila hewa, ila safari hii wamepewa chumba chao na hakuna anayeharakisha.

Kitu kilichoshikwa kisiliwe

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi kama muuguzi wa akina mama.

Mabasi mengi ya Tanga kwenda Dar es Salaam hupita Chalinze na Kibaha. Katika wilaya hiyo ya Kibaha kuna shamba la Vikuge. Mwaka 1986 ililetwa hapo shehena ya dawa za wadudu, msaada kutoka Ugiriki. Ilihifadhiwa katika banda ambalo baadaye liliporomoka, dawa zikanyeshewa mvua na kusambaa. Mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Kisha watafiti walipima udongo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba katika baadhi ya sampuli za udongo wa juu, DDT na mabaki yake vilifikia asilimia 28 ya udongo wenyewe. Soma tena: zaidi ya robo. Sumu ilikutwa hadi kina cha sentimeta 50, na kwenye maji ya visima pia.

Bakteria walikuwa wapi? Walikuwapo. Ila DDT imetengenezwa kiwandani kwa klorini, na mikufu yake ina pete na vifundo ambavyo walaji wa kawaida hawajazoea kuvifungua. Wakiifungua nusu, kinachobaki ni sumu nyingine inayodumu zaidi. Halafu kuna lile la kushikwa. Udongo ukiikumbatia sumu kwa muda mrefu, sumu hujichimbia ndani ya vishimo vidogo kuliko bakteria. Hapo haitiririki kwenda kisimani, na hilo ni jema. Lakini pia haifikiwi na mlaji. Inakaa. Kuku wa kienyeji anadonoa udongo huo, na yai lake linaingia jikoni. Mwaka 2005 mayai ya jirani na Vikuge yalikusanywa na kupimwa kwa sababu hiyo hasa, maana kuku ni kipimo kizuri cha uwanja anaouchakura.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, ambao uliziwekea mipaka sumu zinazodumu, DDT ikiwa mojawapo. Imeruhusiwa kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa tu, tena kwa masharti. Ni haki tuseme pia kwamba dawa za jamii hii ziliwahi kutusaidia. Katika miaka ya 1950 Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Amani huku kwetu Muheza, ilinyunyiza dieldrin katika nyumba za Pare na Taveta, na malaria ikapungua sana. Siyo kila aliyepuliza dawa alikuwa adui.

Lakini sumu zinazopenda mafuta zikiingia mwilini hukaa kwenye mafuta ya mwili, na maziwa ya mama yana mafuta. DDT imepimwa katika maziwa ya akina mama katika nchi nyingi duniani, maskini na tajiri. Nikilisema hili kliniki huulizwa swali moja: Je, niache kunyonyesha? La hasha. Mnyonyeshe mwanao. Maziwa yako bado ni bora kuliko chochote kilichomo koponi, na yanamkinga na kuhara na vichomi ambavyo vinaua watoto wengi kuliko kiasi hicho cha sumu. Mahali pa kupigana na DDT ni ghala, shamba na udongo, si titi.

Yasiyo na mlaji kabisa

Hapa nitakwenda haraka. Risasi ya betri ya gari na zebaki ya kipimajoto kilichovunjika haziliwi na yeyote. Hizo ni elementi. Bakteria hawezi kuzikata kwa kuwa hazina cha kukatwa. Zebaki ni mbaya zaidi, maana bakteria wa matope wanaweza kuibadili iwe ya aina inayopanda ndani ya samaki. Mfuko wa plastiki nao utaufukua mjukuu wako. Na oili chafu ya gari, ambayo wengi wetu tunaimwaga kuzunguka nguzo za nyumba dhidi ya mchwa, ina vyote: mafuta yanayolika, pete ngumu zisizolika kirahisi, na vumbi la chuma cha injini. Mchwa watakaa mbali kwa kitambo. Ila usiimwage karibu na kisima wala tuta la mchicha.

Kuhusu kisima na choo, kanuni tuliyofundishwa ni mita 30 kati yao, na shimo la choo lisifikie maji ya ardhini. Inafanya kazi kwa sababu katika umbali huo udongo hushika vijidudu vya maradhi na wale wa udongo kuwamaliza. Penye udongo mzito, nakubali. Penye matumbawe, siamini mita 30 hizo. Maji yanapita kwenye mashimo ya jiwe kabla ya udongo kuyagusa, na nimeona visima vilivyochimbwa kwa kufuata kanuni vikitoa maji yasiyofaa. Huku Raskazone na vijiji vya ufukweni, chemsha au tia dawa ya maji, hata kama fundi amekupimia kwa futi mbele ya macho yako.

Mafuta ya taa uani

Tukirudi mjini kwenye daladala, mama wa sufuria aliniuliza kwa sauti ya chini afanyeje, maana dumu la mafuta ya taa lilipasuka uani kwake na harufu haijaondoka.

Nilimwambia hivi. Waondoe watoto, kuku na moto mahali hapo. Chimba udongo uliolowa mafuta, uutandaze juu ya turubai au sakafu, mbali na kisima na mfereji, usizidi unene wa kiganja ili hewa ipite. Changanya na samadi iliyooza vizuri au mboji; humo mna chakula ambacho bakteria wanakikosa, na bakteria wengine wageni watakaoongeza nguvu kazi. Nyunyizia maji uwe unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, usitote. Kila baada ya siku chache ugeuze kwa koleo, kama unavyopepeta mchele upate hewa. Wakati wa masika uufunike, usije ukaoshwa kwenda kwa jirani. Joto la Tanga litakusaidia, maana walaji hawa hupenda joto.

Akauliza, kwa muda gani? Wiki kadhaa, pengine miezi, kutegemea ulivyolowa. Pua itakuambia mwanzo. Harufu ikiisha kabisa, chukua udongo kidogo kwenye kopo, panda kunde tano, na kopo la pili lijaze udongo wa kawaida upande nyingine tano. Zikiota sawa na kusitawi sawa, rudisha udongo wako uani. Zile za kopo la kwanza zikinyauka au zikiwa manjano, endelea kugeuza mwezi mwingine. Na kunde hizo za majaribio asizipike. Azing'oe azifukie humohumo.